Mtaro wazi, watoto barabarani

SWALI: Barabara yetu hapa Tandale haina njia ya waenda kwa miguu wala baiskeli, na mtaro uko wazi. Fedha za serikali tuziombeje?

JIBU: Pitisheni ombi kwenye mkutano wa mtaa, muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha manispaa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo msingoje Mei.

Ombi lisilo na vipimo halikadiriki gharama, ndiyo maana hukwama. Pimeni urefu wa mtaro, hesabuni mifuniko. Mifuniko ya zege yenye nondo hugeuza mtaro kuwa njia; mita 1.5 zinatosha watu wawili kupishana, baiskeli zinahitaji zaidi. Matundu ya maji yasisahaulike: bila hayo, masika barabara yote hufurika.