Kantangaze hafi kwa kuongezewa kifuniko

Wadogo zetu mnaoanza nyanya, msimu huu tena mabomba ya dawa yamebebwa kumpiga kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula nyanya, kabla jani halijatazamwa. Sikilizeni.

1. Mtambue kwanza. Vijistari vyembamba vya kupindapinda ni kazi ya inzi mchora-majani. Kantangaze huacha baka pana, kama ngozi iliyoungua. Liinue jani kwenye mwanga: ndani kuna kinyesi cheusi na kiwavi wa kijani mpauko, mwenye utepe mweusi nyuma ya kichwa.

2. Dozi. Hapa sisi wakongwe tumekosea vibaya, tukiri. Mdudu huyu wa Amerika Kusini alipoingia Tanzania mwaka 2014, tulikimbilia dawa ileile tuliyoizoea. Hakufa. Tukaongeza kifuniko cha pili cha dawa kwenye bomba, kisha cha tatu. Kumbe kiwavi amejificha katikati ya ngozi mbili za jani, na dawa inayobaki juu haimfikii. Wanaoguswa wakapona ndio wanaoendeleza ukoo; jike mmoja hutaga hata mayai 260, na kwenye joto la nyuzi 27 yai huwa nondo kwa siku 24 hivi. Tukaua pia wadudu rafiki wanaokula mayai yake. Kibaya zaidi, tulipulizia hadi wiki ya kuvuna, na nyanya zile zikaliwa na watoto. Hilo linauma kuliko matenga yaliyooza.

Chagua dawa inayopenya jani, fuata kipimo na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, kisha badilisha kundi la dawa. Kundi, si jina! Makopo mawili yenye majina tofauti dukani huweza kubeba kiambato kimoja.

3. Mtego. Beseni, maji, sabuni kidogo, kivutio chenye harufu ya jike kining'inie juu ya maji bila kuzama. Hunasa madume tu, kwa hiyo beseni lililojaa nondo halimaanishi umemaliza kazi. Jike aliyekwisha kupandwa anaendelea kutaga.

4. Masalia. Tunda la mwisho likichumwa, ng'oa mashina siku hiyohiyo, yafukie au yafunge ndani ya nailoni juani. Usiyarundike pembeni mwa shamba jipya. Ng'oa na mnavu mpakani, maana naye ni wa ukoo wa nyanya, na kantangaze hujihifadhi humo mpaka miche yako itoke kitaluni.