Kabla ya kuwasha leza kwenye hesabu zako

Wanafunzi wa uzamili wanaonijia Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mradi wa elektroni zinazotawanywa na viini vya atomu hutaka kukimbilia leza kali kabisa. Huwa nawasihi waanze bila leza: fomula ya Rutherford ya 1911 ya jinsi kiini kinavyotawanya chembe zenye chaji, kisha ya Mott ya 1929 kwa elektroni zenye kasi kubwa. Programu isiyoweza kurudisha fomula hizo leza ikizimwa haifai kuaminiwa ikiwashwa.

Elektroni huru iliyo peke yake haiwezi kumeza fotoni (chembe ya mwanga), kwa kuwa nishati na momenta (masi mara kasi) haziwezi kuhifadhiwa zote mbili. Kiini kikiwa karibu hubeba momenta iliyobaki, na elektroni huondoka ikiwa imemeza au imetoa fotoni moja, mbili au zaidi. Ndiyo sababu grafu ya nishati huwa na vilele vilivyoachana kwa nishati ya fotoni moja. Weingartshofer na wenzake walivipima mwaka 1977 kwa atomu za agoni na leza ya kabonidayoksaidi, ambayo fotoni yake ina elektronivolti 0.117 tu. Fotoni hafifu namna hiyo ni faida kubwa: athari hukua kadiri mraba wa masafa ya mwanga (idadi ya mitetemo kwa sekunde) unavyopungua.

Kroll na Watson walionyesha mwaka 1973 kwamba uzito wa kila kilele, yaani sehemu ya elektroni inayoangukia hapo, ni mraba wa fanksheni ya Bessel, fanksheni maarufu ya hisabati ya mawimbi. Hapa ndipo ninapokaa sana na wanafunzi. Weka kigezo cha leza, namba inayoonyesha uga wake unavyoiathiri elektroni, kiwe 1: kilele cha kati, kisicho na fotoni iliyomezwa wala kutolewa, hupata 0.586, majirani wake 0.194 kila upande, wanaofuata 0.013. Jumlisha vyote, utapata 1. Leza huzigawa upya elektroni kwenye nishati mbalimbali. Katika makadirio haya haiziongezi. Jumla ikipungua, pengine umekata mfululizo wa vilele mapema. Kigezo kikiwa 20, endelea kuhesabu hadi upite kilele cha ishirini. Kazi yote hii kipakatalishi cha kawaida kinaiweza, hata kama hujawahi kuikaribia maabara ya leza.

Halafu elekeza uga wa umeme wa leza uwe wima (nyuzi 90) kwa badiliko la momenta ya elektroni. Kigezo huwa sifuri na vilele vya pembeni hutoweka. Visipotoweka, kagua vekta zako kabla hujachora grafu yoyote ya kumpelekea msimamizi.