Ziwa lilifungwa, rejesho halikufungwa

Barua za safari hii zimetoka Kibirizi, Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, na karibu zote ni za madeni. Nyingine zimeandikwa usiku, unaona kabisa kwa mwandiko. Najibu chache, majina nimeyaacha.

Nauza dagaa Kibirizi. Nilikopa milioni nne, Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi nikabaki na chanja tupu. Shangazi yangu yuko Nairobi, anasema huko ukitangazwa mufilisi deni linafutwa. Na mimi naweza?

Mama, shangazi hajakudanganya, ila amekusimulia sheria ya kwao. Kenya walitunga Sheria ya Ufilisi mpya mwaka 2015, na ndani yake kuna mlango wa mtu asiye na mali. Mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya akikubaliwa, baada ya miezi 12 anafutiwa.

Huku kwetu Tanzania tunatumia Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ambayo mizizi yake ni ya enzi za Mwingereza. Unaruhusiwa kujipeleka mwenyewe, lakini unakwenda Mahakama Kuu. Mali yako inawekwa chini ya mfilisi wa serikali, yaani afisa anayesimamia mali za waliofilisika, ambaye yuko RITA, hao hao unaowajua kwa vyeti vya kuzaliwa. Wadai wanaitwa kikao, na wewe unahojiwa hadharani: fedha ilikwenda wapi, nani alipewa nini. Kuachiliwa huru na madeni hakuji kwenyewe, unaomba tena mahakamani, na mahakama inaweza kukataa au kukupa masharti. Kabla hujaachiliwa, huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na ukikopa kwa kuficha hali yako ni kosa la jinai. Kwa deni la milioni nne, hiyo ni kukodi boti ya injini ili uvuke mtaro.

Kuhusu ziwa: ni kweli nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana lipumzike, na mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wengi wananiuliza kama hilo si sababu ya kusamehewa. Si sababu. Sheria ya Mikataba inamwachia mtu aliyeahidi jambo ambalo limekuwa haliwezekani, lakini kulipa fedha hakuhesabiwi hivyo eti kwa kuwa biashara imekauka. Ulichonacho ni nafasi ya kuomba. Andika barua ya kuomba marejesho yapangwe upya, taja tarehe za kufungwa na kufunguliwa, sema utaanza lini na kiasi gani. Ipeleke kabla rejesho halijapita, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo na afisa mikopo ni magumu kuyathibitisha, hata akiwa mtoto wa jirani.

Mimi ni fundi cherehani Mwanga. Nilikopa 300,000, narejesha 15,000 kila siku kwa siku 30. Nilipokwama siku sita wakaja na bodaboda wakabeba cherehani. Wana haki?

Kaka, tupige hesabu kwanza. 15,000 mara 30 ni 450,000. Riba ni 150,000, yaani asilimia 50 kwa mwezi mmoja. Kanuni za mwaka 2019 chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 zinamwekea mkopeshaji wa daraja la pili, yaani anayekopesha bila kupokea amana, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wako hiyo ni 10,500. Ndiyo maana mtaani mnaiita kausha damu.

Waulize leseni ya Benki Kuu. Kisha uliza amri ya mahakama, kwa sababu mali ya mdaiwa hukamatwa na dalali wa mahakama mwenye hati, baada ya hukumu. Na hata yeye sheria ya mwenendo wa madai inamkataza kugusa nguo, kitanda, vyombo vya kupikia na vifaa vya kazi vya fundi. Cherehani ni kifaa cha kazi.

Lakini soma ulichosaini. Kama cherehani uliiandika kuwa dhamana, mjadala unabadilika, na itabidi nione mkataba wenyewe.

Programu ya mikopo imewatumia watu wote kwenye simu yangu ujumbe kwamba mimi ni tapeli.

Piga picha kila ujumbe, peleka malalamiko Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya taarifa binafsi tunayo tangu 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 zilizokopesha bila kibali. Fedha uliyopokea, hata hivyo, haijageuka zawadi.

Mume wangu aliweka nyumba yetu ya Ujiji rehani benki, mimi sikusaini popote. Sasa naona tangazo la mnada.

Dada, kimbia kwa wakili leo. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mkopeshaji ana wajibu wa kuchunguza kama mwombaji ana mke au mume. Beba cheti cha ndoa. Angalia pia tarehe: mkopaji anapaswa kupewa notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa, na tangazo la mnada lazima liwe limekaa angalau siku 14. Wakiuza kwa bei ya kutupa, robo nzima au zaidi chini ya bei ya soko, wao ndio watakaodhaniwa wamekosea.

Namba za vifungu sikupi makusudi. Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zetu zilizochapwa upya baada ya kurekebishwa, lililoanza kutumika Julai 2025, limezibadilisha nyingi, na ukinukuu ile ya zamani mbele ya karani utachekwa.

Nilimdhamini shemeji, ametoroka. Nitafungwa?

Polisi hawakusanyi madeni. Ila mdhamini anadaiwa sawasawa na mkopaji, na ukilipa unapata haki ya kumdai shemeji. Kifungo cha madai, kinachotolewa na mahakama kwa deni lililokwisha hukumiwa, kipo, kisichozidi miezi sita, lakini kwanza mahakama ikuite ujieleze kwa nini usifungwe. Nenda siku hiyo, na karatasi za kipato chako. Mdai ndiye anayelipia chakula chako gerezani, na wengi wakiambiwa hivyo hukumbuka ghafla kwamba mazungumzo yanawezekana.