Kila nikimtafuta yuko mvunguni

*Shangazi, leo siku ya nne tangu nilete nyumbani kitoto cha paka wa wiki tisa. Mchana kutwa yuko mvunguni mwa kitanda, usiku analia hatulali. Nilimpa maziwa, toka asubuhi anaharisha. Binti yangu wa miaka sita kila akimvuta ambembeleze, anaparurwa. Mume wangu anataka tumrudishe. Nimekosea wapi?*

Mwanangu, usimrudishe. Siku nne ni chache mno. Juzijuzi tu alikuwa analala kajibanza kwenye tumbo la mama yake, katikati ya ndugu zake. Leo kila harufu ni ngeni, na mkono mkubwa unamfuata hadi pale pekee alipopata pa kujificha. Kile kilio cha usiku si ukorofi, anawaita wenzake.

Hili nalisisitiza kuliko yote: asivutwe tena kutoka mvunguni, na mtu yeyote. Mtengee chumba kimoja chenye utulivu kwa siku kadhaa. Laza boksi ubavu, utandike ndani nguo uliyoivaa, usiifue, azoee harufu yako. Beseni la mchanga likae mbali na sahani yake.

Jioni keti sakafuni, ufanye shughuli zako kimya. Usimkodolee macho, kwa paka huo ni ugomvi. Akikutazama, fumba macho taratibu, ufumbue. Siku atakapokujibu vivyo hivyo, utajua ameanza kukuamini. Binti yako akae nawe, amchezeshe kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti, si kwa vidole. Wakimaliza kamba ifichwe, maana uzi ukimezwa huweza kuyakata matumbo ya paka.

Maziwa ya ng'ombe acha leo hii. Paka wengi sukari iliyomo haiwakubali tumboni. Mpe maji safi na chakula cha watoto wa paka, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Mlo wa mwisho uwe usiku, baada ya kumchezesha hadi achoke. Hapo na nyinyi mtapata usingizi.

Kuharisha kukiendelea hadi kesho, au akilegea, au akisusa chakula siku nzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja. Mwili mdogo vile hauna akiba. Na hata akipona nenda, kwani umri wa chanjo na dawa ya minyoo umefika.

Mumeo mwombe wiki mbili. Nami niandikie siku atakapotoka mvunguni mwenyewe.