Vasco da Gama aligundua au alivumbua?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita. Kwenye insha yake ya historia aliandika: “Mwaka 1498 Vasco da Gama alivumbua njia ya kwenda India.” Mwalimu wake akaikata “alivumbua”, akaandika juu yake “aligundua”. Babu yake, ambaye ujana wake wote aliumalizia majahazini, alipoisoma akasema maneno yote mawili si sawa. Nimfuate nani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Nianze na mwalimu, kwa sababu matumizi ya leo yako upande wake. Siku hizi tunasema kugundua pale mtu anapokikuta kitu kilichokuwapo bila kujulikana: daktari amegundua ugonjwa, mkaguzi amegundua wizi. Kuvumbua tumekuachia kazi ya kubuni kitu kipya, mathalani mashine au dawa. Bahari haikubuniwa na Mreno, basi “aligundua”. Tofauti hii inafaa, nami mwenyewe huifuata ninapoandika.

Lakini binti naye hakubahatisha. Kuvumbua ni mtenduko wa kuvumbika. Mwenye migomba anajua: mkungu uliokomaa huvumbikwa shimoni, ukafunikwa majani na udongo mpaka uive. Kile kiishio -ua kinatengua kilichofanywa, kama ilivyo funika na funua, fukia na fukua, ziba na zibua. Kwa asili yake, basi, kuvumbua ni kukitoa nje kilichofunikwa. Ndiyo maana vitabu vya zamani viliwaita watu kama Livingstone na Speke, Wazungu waliosafiri barani Afrika karne ya kumi na tisa, wavumbuzi, ingawa hawakubuni chombo chochote. Hata Wareno huziita safari zao zile descobrimentos, kutoka kitenzi descobrir, yaani kufunua. Kwa hiyo neno la mtoto lina mizizi, ila limeanza kupitwa na wakati.

Sasa babu. Hoja yake haihusu kamusi. Anauliza njia hiyo ilikuwa imefunikwa machoni pa nani, na kwangu hilo ndilo swali lenyewe.

Tuikate safari vipande viwili. Da Gama aliondoka Lisbon Julai 1497, akazunguka rasi ya kusini mwa Afrika ambayo Bartolomeu Dias alikwisha kuipita mwaka 1488. Kipande hicho, kutoka Ureno hadi ncha ya bara letu, kilikuwa kigeni kwa Wazungu, nao walikitafuta kwa makusudi miaka mingi. Pilipili manga na mdalasini viliwafikia kupitia Misri na Venice, na kila mkono uliovipitisha ulipandisha bei. Wafalme wa Ureno walitaka kununua kwenye chimbuko, na pia kuwapata Wakristo wenzao wa mashariki wa kushirikiana nao dhidi ya Waislamu. Kwa kipande hicho, “waligundua njia” si kosa.

Kipande cha pili ni habari nyingine. Kuanzia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, kupanda kaskazini, maji yale yalikuwa ya watu. Kilwa ilikuwa imetajirika kwa dhahabu ya Sofala karne kadhaa kabla. Da Gama alifika Kisiwa cha Msumbiji Machi 1498 akakuta bandari yenye vyombo na wafanyabiashara. Mombasa hakuelewana na wenyeji, lakini mtawala wa Malindi akampa rubani. (Rubani leo tumempandisha kwenye ndege, ila asili yake ni mtu wa bahari.) Wapo wanaosema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa unajimu wa bahari kutoka Oman, lakini wanahistoria wengi wa sasa hawakubali. Awe nani, alijua kazi yake. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi, upepo unaosukuma vyombo kuelekea India, ikianza, na tarehe 20 Mei wakawa Calicut, bandari ya India. Hawakumaliza hata mwezi.

Tazama waliporudi. Waliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi, upepo wa kurudia Afrika, haijaanza kuvuma. Wakahangaika baharini miezi mitatu, kiseyeye kikawaua mabaharia wengi, hata walipofika Malindi Januari 1499 watu hawakutosha kuendesha merikebu zote, wakalazimika kuichoma moja. Mtu aliyegundua njia angejua majira yake. Njia ya Malindi na India ilikuwa na wenyewe, na wenyewe waliijua mpaka mwezi wa kutweka tanga.

Nalisisitiza hili kwa sababu kitenzi kina mtendaji, na mtendaji ndiye tunayemtazama. Ukisema “aligundua”, macho yote yako kwenye merikebu inayokuja, na aliye ufukweni amegeuka sehemu ya mandhari. Halafu mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na majeshi, akateka Kilwa na kuichoma Mombasa, na msomaji anashindwa kuelewa watu hao walikuwa wanapoteza nini. Walipoteza biashara yao. Lugha yetu bado ina kumbukumbu: meza, leso, bendera, mvinyo, vyote vya Wareno. Gereza, kwa maelezo ya wataalamu wengi, limetoka igreja, kanisa. Na ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo. Hata mahindi, zao la Amerika lililosambazwa na safari hizohizo, tuliyapa jina la India, kwa kuwa pwani ilizoea kuona vitu vigeni vikitokea huko.

Kosa hilohilo hufanywa bara. Mwaka 1858 Speke alifika Mwanza, Usukumani, kwenye ziwa ambalo ng'ambo ya kaskazini Waganda waliliita Nalubaale. Watu walikuwa wakilivua samaki. Kilichokuwa kipya ni jina la Viktoria. Hapo andika “alifika”, au “alikuwa Mzungu wa kwanza kuliona”. Kwa watu wa aina yake napendelea wapelelezi, kama masomo ya historia yanavyowaita sasa, maana walikusanya habari na kuzipeleka kwao.

Binti aandike hivi: “Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika India kwa kuizunguka Afrika, akiongozwa na rubani aliyempata Malindi.” Akipenda kubaki na “aligundua”, aseme ni njia ambayo Ulaya haikuijua. Mwalimu asimkate alama. Naye babu amkalishe mjukuu wake jioni moja amweleze kwa nini Aprili na si Oktoba. Kwa somo hilo hana mpinzani.