Jibu: Chopsi za kitimoto zinatoka kavu, nifanyeje?

Mkuu, kama zinakauka na unataka mchuzi wa haraka ukitoka kazini, anzia buchani. Mwambie akukatie zenye mfupa, unene wa sentimita 2 hivi. Zile nyembamba hukauka kabla hazijapata rangi.

Zifute maji kabisa, paka chumvi na pilipili manga. Kikaango kikishapata moto, tia mafuta kidogo, kaanga dakika 4 kila upande bila kuzigeuzageuza, kisha zitoe. Usioshe kikaango! Ule ukoko wa kahawia uliogandia chini ndio mchuzi wenyewe. Punguza moto, kaanga kitunguu maji na kitunguu saumu, mimina nusu kikombe cha supu au maji ya moto, ukwangue kwa mwiko. Ongeza kijiko kidogo cha haradali. Mchuzi ukibaki nusu, rudisha nyama pamoja na majimaji yake, funika dakika 3 au 4, kamulia ndimu.

Usile ikiwa bado mbichi ndani, minyoo ya tegu si mchezo. Ukiwa na kipimajoto, 71°C inatosha. Ila hii tabia ya kuichemsha nusu saa kwanza siielewi, ladha yote inaishia kwenye maji.

Mimi huila na ndizi za kukaanga na kachumbari yenye pilipili.