Sare ya hatua 14: je, ni mchezo wa kupangwa?

SWALI: Mhariri, katika mashindano ya sataranji hapa Mombasa nilipewa kete nyeupe dhidi ya mzee anayenizidi sana kwa uzoefu. Alicheza ulinzi wa Berlin, yaani njia ya Mweusi ya kujikinga mwanzoni mwa mchezo kwa kutoa farasi wote wawili, na kufikia hatua ya 14 malkia wetu walikuwa wakienda na kurudi, tukaandikiwa sare. Wenzangu barazani wanasema tulipatana kabla. Je, nilikosea, na ningeiepuka vipi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Hukukosea, ndugu yetu. Njia hiyo inajulikana sana: farasi mweusi anapoila kete ya e4 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao) na kurudi d6, Mweupe huila ile ya e5 na kumwacha askofu wake wa b5 aliwe, kisha husukuma kete hadi a4 ili kumnasa farasi huyo. Baada ya kubadilishana kete, malkia mweupe hubaki d4 akiilenga g7, jambo linalomzuia askofu wa f8 asitoke, na malkia mweusi husimama d6 akimtaka wamalizane. Mweupe asiyetaka hayo humshambulia mfalme kutoka e4, Mweusi hukinga kwa malkia katika e6, na mzunguko huanza upya. Mweupe akikubali malkia waondoke, mchezo hubaki sawa, tena mkavu.

Hata hivyo, mwenye kuchagua njia hiyo ni Mweupe. Katika hatua ya 6 ungeweza kumla farasi wa c6. Malkia wangeondoka na mfalme mweusi angebaki d8 bila haki ya kujificha kwa kuhama pamoja na ngome katika hatua moja. Kasparov aliijaribu njia hiyo dhidi ya Kramnik mjini London mwaka 2000, asiuvunje ulinzi huo, akapoteza ubingwa wa dunia bila kushinda hata mchezo mmoja kati ya 15. Mimi ningekushauri usogeze kete hadi d3 katika hatua ya 4: kete ya e4 inalindwa na vita vinabaki. Lakini kwa mpinzani aliyekuzidi, nusu pointi si haba, na wenzako wa barazani wangeichukua.

Sare ya kurudia hudaiwa pale hali ileile inapotokea mara ya tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule, hata kama mara hizo hazikufuatana. Ikiwa hatua yako ndiyo itakayoileta, iandike kwanza kwenye karatasi bila kuigusa kete, kisha umwite mwamuzi.